Pete Ndani ya Jicho la Deki

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipofungua deki yangu ya zamani ya DVD ili niitoe vumbi, niliona ndani ya jicho lake (lenzi ya leza) pete nyembamba zilizozungukana kama za gogo lililokatwa. Je, ni mikwaruzo? Na mbona husoma CD za dukani lakini hukataa ninazochoma mwenyewe? Msomaji, Tanga.

JIBU: Hiyo si mikwaruzo, ndugu msomaji, na tafadhali usiisugue. Ni hologramu, yaani mifereji myembamba mno iliyochongwa kwa makusudi ili iupinde mwanga.

Kilichowasumbua wabunifu wa miaka ya 1990, waliotaka deki ya DVD isome na CD pia, ni unene wa plastiki. Data za CD hukaa nyuma ya milimita 1.2 za plastiki, za DVD nyuma ya milimita 0.6 tu. Lenzi iliyosawazishwa kwa unene mmoja ikitumiwa kwa mwingine, miale ya pembeni haikutani mahali pamoja na ile ya katikati, na nukta ya leza hutawanyika hata isiweze kutofautisha vishimo vidogo vinavyobeba data.

Wahandisi wa kampuni ya Matsushita (sasa Panasonic), Japani, walibuni lenzi moja yenye nukta mbili za kukutanisha mwanga. Sehemu ya mwanga hupita kwenye hologramu bila kupinda, ikaangukia data za DVD. Sehemu nyingine hutanuliwa kidogo na mifereji, kwa hiyo hukutana mbali zaidi, kwenye data za CD. Pete ziko katikati tu kwa sababu CD hutosheka na mwanga unaoingia kwa pembe ya nyuzi 27 hivi, ilhali DVD huhitaji takribani 37. Kwangu mimi huu ni ubunifu wa hali ya juu, kwani hakuna lenzi ya pili wala kifaa cha kuibadilisha. Gharama yake ni mwanga: kama nusu tu ndiyo inayotumika katika kwenda na nusu katika kurudi, kihisi kinachosoma mwanga unaorudi hupata robo.

Kuhusu CD za kuchoma, yaelekea deki yako ina leza moja tu, yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 650. CD ya dukani ina alumini inayoakisi mwanga huo vizuri, lakini ya kuchoma ina tabaka la rangi lililotengenezwa kwa ajili ya leza ya nanomita 780, nalo huumeza mwanga wa nanomita 650. Hologramu haiwezi kurudisha mwanga uliokwisha kumezwa, ndiyo maana deki zilizofuata ziliongezewa leza ya pili.