Jibu kwa aliyeuliza kuhusu "might actually have to put it off": mimi naendesha wageni, nilivyojifunza ni hivi

Mkuu, umesema unasomea uongozaji watalii, gramma ya darasani unaijua yote, ila mgeni akikwambia "we might actually have to put it off" unaganda, hujui ushike neno gani. Naona wengi wamekushauri ukariri orodha. Mi nina miaka 11 barabarani huku kaskazini, Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, na kwa nilivyoona orodha haisaidii kama hujui kila kipande pale kinafanya kazi gani, maana kwenye hii kazi ukikosea kipande kimoja tu umeshamuahidi mtu kitu ambacho hakiko mikononi mwako.

Mwaka wangu wa pili nilibeba mzee mmoja na mkewe, hamu yao yote ilikuwa chui. Usiku kempu wakaniuliza kesho kukoje, nikawajibu "tomorrow we will see leopard". Kichwani nilikuwa nasema kama tunavyosema sisi, kesho tutamuona chui, na Mungu akipenda imo humo humo hata usipoitamka, kila mtu anaelewa. Kwao "will" ikikaa peke yake hivyo ukiongelea kesho, ni ahadi. Tukazunguka Seronera, pale katikati ya Serengeti, toka alfajiri, na Seronera chui wapo kweli, wanapenda kulala juu ya ile miti ya miegea iliyo kando ya mto, mpaka jua linazama hatujaona hata mkia. Hawakugomba. Ila wakaiandikia ofisi kwamba dereva alituahidi. Iliniuma sana kwa sababu sikusema uongo, nilikosa neno moja tu.

Neno lenyewe ni "probably". Ningesema "we'll probably see a leopard" nisingeshtakiwa. Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza vizuri madereva wakongwe wanavyoongea na nikaona kuna ngazi. Tarangire wakati wa kiangazi, tembo wamejaa mtoni, sema "we'll definitely see elephants" bila wasiwasi. Simba kreta ya Ngorongoro, "we'll probably". Faru kreta, hapo "we might", kwa sababu wapo lakini wachache na mara nyingi wako mbali. Na kuna "we might just come across one", hiyo "just" inapunguza tena, yaani ikitokea ni bahati. Katikati ya ngazi kuna "should", nayo inawachanganya watu wengi kwa vile shuleni tulifundishwa kwamba should ni yapasa. Mgeni akisikia "we should see giraffes today" hasikii wajibu wowote, anasikia kwa hali ilivyo natarajia tutawaona. Usiiseme tu ukiwa unashuka kreta, maana twiga huko chini hawakai.

Sasa kielezi kinakaa wapi. Sisi labda na huenda tunaziweka mwanzo, ndo maana wengi wetu tunaanza kila sentensi na "maybe". Sio kosa, ila wao hupenda kukichomeka nyuma tu ya kile kitenzi saidizi cha kwanza: we'll probably, we can easily, we should also, she must already have left. Ikija kanusho probably na definitely zinaruka mbele, "we probably won't make it". Hii usiikariri kama sheria, iseme kwa sauti mara hamsini uko njiani mpaka ulimi uzoee.

Really ndo hatari zaidi. Ofisini waliwahi kuniuliza maoni kuhusu lanchi boksi mpya, nikataka kusema siipendi sana, yaani inakulika ila sio kivile, nikaandika "I really don't like it". Wakanipigia simu kuniuliza nani kaniudhi. Nilitakiwa niandike "I don't really like it". Maneno ni yale yale! Really ikitangulia don't inakazia chuki, ikikaa nyuma yake inalainisha.

Halafu vile vihusishi vidogo. Hapa Kiswahili chetu kinatuponza kwa uzuri wake, maana sisi tuna kauli ya kutendea na viambishi vya mtendwa, vyote vimo ndani ya kitenzi. Nakusubiri, nisikilize, umelipia. Ndo maana tunasema "I am waiting you" na "listen me", for na to hatuoni kazi yake. Kitenzi cha aina hii kishike na mkia wake kama neno moja: wait for, listen to, look at, look after, pay for, come across, na mtu au kitu kinakaa nyuma ya mkia. Look after them, kamwe sio look them after. Ila kuna ndugu zake wanafanana nao sura, pick up, drop off, turn off, put off, hao "it" au "you" inaingia katikati: I'll pick you up at six. Utawatofautisha kwa sikio, kwenye pick you up sauti inapanda kwenye up, kwenye look at it ile at inamezwa hata huisikii. Na wale wa kwanza wanakubali kielezi kipite katikati, "look carefully at the grass under that tree", wakati pick carefully up huwezi kuisikia popote.

Must nayo uitunzie kazi yake. "You must never get out of the car", hiyo sema kwa ukali wote, maisha ya mtu yapo hapo. Lakini mgeni kaongeza soda ukamwambia "you must pay for it", amesikia amri. Mwambie "I'm afraid you'll have to pay for it". Ni tofauti ile ile ya lazima ulipe na itabidi ulipie.

Turudi kwa sentensi yako. Might must hazikai pamoja, ndo maana baada ya might imekuja have to. Might ni huenda, have to ni kubidi, actually inakuonyesha mgeni amebadili alivyofikiria mwanzo, na put off ni kuahirisha. Kwa kwetu: kwa kweli huenda ikabidi tuiahirishe. Angalia hiyo "i" ndani ya tuiahirishe imekaa katikati kama "it" ndani ya put it off. Mgeni akikwambia hivyo asubuhi ya kushuka kreta, usimjibu "no problem" ukanyamaza, mjibu "we can set off a bit later, but we'll still have to be out by six in the evening", maana saa 12 jioni magari yote yanatakiwa yawe yameshatoka kreta.