Kujizuia ili uwe na cha kutoa

Sisi watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, tunajua kutoa siku ya balaa. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipotapika na lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, ikiteketeza hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, watu walilala kwenye nyumba za watu wasiowajua. Mei 2021 ilipolipuka tena tukaambiwa tuhame, wenzetu wa Sake na Bukavu walitufungulia milango. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa. Kinachotushinda ni Jumanne ya kawaida, mama jirani anapopiga hodi kuomba unga wa watoto, na wewe kwa kweli kabisa huna. Huna kwa sababu pesa ilishakwenda kwenye kikwembe (kitenge) cha arusi ya Jumamosi, soda za ubatizo, simu mpya wakati ya zamani bado inapiga na kupokea.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa Mkristo anayetaka kuwa mkarimu ni huu: shughulika na matumizi yako kabla mwenye shida hajafika mlangoni. Wengi wetu tuna huruma tele na mkono mtupu.

Nianze na vikwembe, maana huko ndiko pesa ya wanawake wa mji huu inakoishia. Kila arusi ina kikwembe chake. Kamati inachagua rangi, unatajiwa bei, halafu unaongeza ya fundi, ya viatu na ya nywele. Ukiwa na ndugu wengi, na shirika (jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani), na kwaya, na wenzako wa kazini, miezi ya kiangazi inakula akiba ya mwaka. Na kile kikwembe ukikivaa siku moja, arusi inayofuata haikitaki tena, kinakunjwa juu ya vingine ndani ya sanduku.

Mimi na mama kadhaa wa shirika letu tulikubaliana hivi: kikwembe kipya tunanunua kwa arusi ya ndugu wa damu au ya mtoto wa ubatizo. Arusi nyingine zote tunakwenda na tulichonacho, kimefuliwa na kupigwa pasi vizuri, tunacheza na kushangilia kama wengine. Bei ya kikwembe tunaigawa: nusu inaingia kwenye bahasha ya maarusi, nusu inakwenda kwa mtunza pesa wa shirika kwa ajili ya wagonjwa. Mama mmoja, ambaye binti yake alikuwa anaolewa, alituuliza kama ndoa ya mtoto wake ni ya kudharauliwa. Tulimweleza kwa heshima, lakini alinuna, na sidhani kama amelisahau. Ndivyo ilivyo. Anayejizuia mbele za watu atasemwa. Mtu asianze jambo hili akitarajia kupigiwa makofi.

Nguvu yetu tuliipata kwenye Injili ya Luka, sura ya tatu. Makutano wanamuuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, naye anawajibu: "Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu, na mwenye vyakula na afanye vivyo hivyo." Wengi wanaishia hapo. Endelea kusoma. Watoza ushuru wanauliza swali lile lile, wanaambiwa wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari nao wanaambiwa wasimdhulumu mtu, watosheke na mishahara yao. Kutoa kanzu na kukataa pesa isiyo yako ni jibu la swali moja. Anayejijengea ukarimu kwa pesa ya kuwanyonya wengine, kisha akaleta zaka nene Jumapili, hajamsikia Yohane.

Na kwetu hapa hayo si maneno ya vitabuni tu. Floribert Bwana Chui, kijana aliyezaliwa Goma mwaka 1981, alikuwa na kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia mpakani. Alipewa rushwa aruhusu chakula kilichoharibika kipite, akakataa kwa sababu kingewadhuru watu. Aliuawa Julai 2007, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa mwenyeheri kule Roma. Huyo huyo, kupitia jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, alikuwa akiwahudumia watoto wa mitaani. Naona si ajabu. Aliyezoea kumpa mtoto wa barabarani sehemu ya alichonacho, bahasha ya mfanyabiashara haimtishi wala haimtamanishi sana.

Turudi jikoni. Nyumbani kwangu kuna ndoo ya bluu yenye mfuniko, imekaa nyuma ya mlango. Tukinunua unga au maharage, kabla hayajaingia kwenye chombo chetu, mtoto anachota kwa kikombe cha siagi, kilichojaa na kusawazishwa kwa kiganja, anamimina ndani ya ndoo ile. Ni ya jirani. Hodi ikipigwa, sihitaji kusimama mlangoni nikipiga hesabu huku mwenzangu ananitazama usoni. Ndoo ikijaa na hakuna aliyekuja, namuuliza kiongozi wa shirika nani amelala na njaa, na chakula kinaondoka wiki ile ile. Kisikae. Tunasoma katika Kutoka, sura ya 16, kwamba mana iliyowekwa mpaka asubuhi iliingia mabuu ikanuka, na unga nao hufuata njia hiyo.

Lakini jinsi ya kutoa ina uzito kuliko kiasi. Tangu benki zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, nyumba zilizokuwa zinatoa ndizo leo zinazohitaji. Baba wa nyumba aliyekuwa na mshahara na heshima yake hatakuja kupiga hodi, hata watoto wakilia. Kwa nyumba kama hiyo, tuma mtoto jioni na kikapu kilichofunikwa cha sambaza, vile visamaki vya ziwani, aseme: "Mama anawasalimu, sambaza zilikuwa za bei nzuri leo, amesema tule pamoja." Basi. Usiulize kesho kama zilikuwa tamu. Usipige picha. Usiende kuitoa kama ushuhuda kwenye ibada huku yeye amekaa benchi la tatu. Na usipeleke maharage yaliyotobolewa na wadudu, wala nguo iliyokatika vifungo. Nabii Malaki aliwakemea waliomletea Mungu wanyama vipofu na vilema.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa mama vijana huniuliza mara nyingi. Anza na kile kinachokuzidi, na kubalianeni kwanza wewe na mume wako. Msaada unaotolewa kwa siri ndani ya ndoa huleta ugomvi ambao hata jirani utamfikia. Usikope ili utoe. Kodi ya nyumba, minerval (karo ya shule) ya watoto na deni la dukani vilipwe kwanza. Mwenye duka naye ana watoto wanaomsubiri.