Mgonjwa Akikuambia Goozle Inamuuma

Wewe unayekuja Marekani kuhudumia wazee, Kiingereza cha shule kitakuvusha kwenye usaili. Chumbani kwa mgonjwa mambo ni mengine. Nimeifanya kazi hii New York, sasa niko Tennessee upande wa milimani, na mwili ule ule nimelazimika kujifunza majina yake upya.

New York, wazee wa Kiyahudi huchanganya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, humo humo kwenye Kiingereza: tuches ni makalio, pupik ni kitovu, kishkes ni matumbo. Huku milimani goozle ni koo. Rising nayo ni jipu, na hilo usilipuuze. Bibi mwenye kisukari akisema ana rising, hasemi habari za kuamka. Mwombe ruhusa, ukague ngozi, umwite nesi. Charley horse haina farasi wala Charley. Ni msuli uliokaza, mara nyingi wa shavu la mguu, msemo uliotoka kwa wacheza besiboli wa karne ya 19.

Tuliofundishwa Kiingereza cha Waingereza tunashtushwa zaidi na fanny. Uingereza ni sehemu za siri za mwanamke. Huku ni makalio tu, na bibi wa kanisani hulitamka mbele ya mchungaji.

Usione haya kuuliza, maana Wamarekani wenyewe hupotezana. Profesa Frederic Cassidy wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alituma watu kwenye jamii 1,002 kati ya 1965 na 1970 kukusanya maneno ya kimaeneo, yakiwemo ya mwili, na kamusi yake ikaanza kutoka 1985. Nasi je? Mzee wetu akilalamikia chembe cha moyo, daktari mgeni atakimbilia moyo, kumbe ni juu ya tumbo.

Kwa hiyo mwambie akuonyeshe kwa kidole. Kwenye ripoti andika neno lake kama alivyolitamka, ndani ya alama za kunukuu, kisha mahali alipogusa. Usimkisie. Na wewe usiyatumie maneno hayo, hasa ya sehemu za siri. Mdomoni mwa mgeni hugeuka matusi upesi. Akiwa amepoteza kumbukumbu na kidole hakielekei popote, mpigie binti yake. Mara nyingi ndiye anayejua mama akitaja neno hilo huwa anashika wapi.