Jibu langu kuhusu DJ na nyimbo chafu kwenye sherehe za watoto

Mleta mada anauliza hivi: sherehe ya watoto wa PP2 (mwaka wa mwisho wa chekechea) kuhitimu, hapa hapa Malindi, mchana kweupe, watoto na majoho yao, DJ akaachia nyimbo ambazo mama mtu aliona haya hata kumtazama mkwewe aliyekaa pembeni. Alipolalamika kwenye grupu ya wazazi akajibiwa kwamba watoto hawaelewi maneno, asiwaharibie raha. Anataka kujua afanyeje kabla shule haijafunga tena.

Pole, dada yangu. Nimesoma majibu ya hapo juu na karibu wote mmemvaa DJ. Mimi niko upande ule wa meza yenye waya. Nakodisha mziki Malindi na vijiji vya karibu: harusi, besidei, kufunga shule, Idi. Disko matanga, zile za usiku kwenye misiba, siendi, na wanaoishi kaunti hii ya Kilifi wanajua kwa nini. Machifu wamepiga marufuku mara ngapi, na bado usiku wa manane utakuta watoto wa shule wanacheza nyimbo zile zile unazolalamikia, tena bila mama yeyote wa kulalamika.

Sasa tazameni DJ anavyoitwa kazini. Simu inalia: "Kaka, Ijumaa una nafasi? Spika ngapi? Mwisho bei gani?" Basi. Hakuna aliyemwambia ni watoto wa miaka mingapi, wala nani atakaa mbele. Anafika na laptopu iliyotoka kazini jana usiku kwenye klabu ya barabara ya Lamu, nyimbo ni zile zile. Halafu kuna jambo ambalo wazazi hamtalipenda: DJ hupigia anayeshangilia. Watoto wa miaka mitano hawajui kushangilia mziki, wao wanangoja keki. Wanaopiga vigelegele wimbo ule ukianza ni mashangazi, walimu na akina mama wenyewe, na simu juu kurekodi. Kijana anaona uwanja umechangamka, anaongeza mwingine wa aina ile. Kwa hesabu yake kazi imekwenda vizuri.

Vijana wengi pia hawapigi wimbo mmoja mmoja siku hizi. Wanaweka miksi ya saa nzima iliyorekodiwa, wanaenda kula biriani. Ndani ya miksi kuna vipande vya nyimbo ambazo hata yeye hajavisikiliza mpaka mwisho, na juu yake sauti ya MC aliyerekodiwa baa akitaja viungo vya mwili. Ndiyo maana ukimuuliza "una nyimbo safi?" atakujibu "ninazo" bila kukudanganya.

Kuna mchangiaji amesema tutafute nyimbo zisizo na ile alama ya E kwenye Spotify. Kwa nyimbo za Kizungu inasaidia. Kwa zetu, usiitegemee. Alama ile inategemea waliopakia wimbo waseme wenyewe kwamba una maneno machafu, na nyimbo nyingi za Sheng na Kiswahili zimepita hivi hivi. Hata toleo la redio, lile lililokatwa neno, mbele ya watoto ni balaa zaidi. Neno likikatwa panabaki pengo, na watoto wote wanalijaza kwa sauti moja. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja na hakuna mwalimu aliyejua aangalie wapi.

Hili la "hawaelewi" tulimalize. Mnakumbuka mwaka 2019 wimbo wa Wamlambez wa vijana wa Sailors ulivyoenea, mpaka vitoto vya chekechea vikiitwa kwa neno hilo vinaitikia. Bodi ya uainishaji wa filamu, wakati huo chini ya Ezekiel Mutua, ikatangaza kwamba wimbo huo na ule wa Tetema zibaki baa na klabuni. Tangazo lilitoka, watoto wakaendelea kuitikia, kwa sababu kuitwa na kuitikia ndivyo wanavyofundishwa kila kitu, shuleni na madrasa. Wa miaka mitano haelewi, sawa. Wa miaka tisa anaelewa nusu. Wa kumi na mbili ndiye anayewaeleza wote, nyuma ya choo, kwa namna yake. Na yule mdogo, hata asipoelewa neno, anaona watu wazima wanacheka anapolisema, na atalirudia nyumbani kwa babu.

Kwa mzee aliyeandika kwamba dawa ni kurudi kwenye taarabu na chakacha: shikamoo, lakini sikubaliani nawe. Taarabu zetu zina mafumbo ambayo yakifumbuliwa mchana utaziba masikio. Nyimbo ambazo somo, yaani kungwi, alimfundishia bi harusi zilikuwa wazi kuliko hizi gengetone za vijana wa Nairobi. Tofauti ni kwamba zilikuwa na chumba chake. Mlango unafungwa, wanawake peke yao, na mtoto akichungulia anafukuzwa. Hakuna aliyezipigia spika uwanjani saa sita mchana. Mimi sina ugomvi na nyimbo za watu wazima, ndizo zinazonilipia kodi ya nyumba. Ila tumebomoa ukuta halafu tunashangaa sauti inapita.

Kwa hiyo dada, mambo haya humalizwa siku ya kutoa arbuni. Ukishafika uwanjani umechelewa. Mwambie DJ umri wa watoto, na kwamba hutaki miksi, unataka nyimbo moja moja. Mwombe akutumie orodha kwa WhatsApp siku mbili tatu kabla. Msikubali akuletee nyimbo za vitoto tupu, maana wa darasa la sita wataondoka wakacheze mpira na sherehe itakufa. Mwambie achanganye biti tupu za amapiano zisizo na maneno, bango, ule muziki wetu wa dansi wa Pwani, la Mzee Ngala na saksafoni yake (mtoto gani wa Pwani hajui kucheza bango?), kasida za dufu au kwaya kulingana na shule yenyewe, na nyimbo za sasa ambazo nyinyi wawili mmezisikiliza mpaka mwisho. Nasema mpaka mwisho kwa sababu uchafu hukaa ubeti wa pili, kiitikio kikiwa kitamu na kisafi.

MC naye aambiwe. Pengine kuliko DJ. Yale mashindano ya kukata mauno, mtoto wa miaka sita juu ya jukwaa na soda kama zawadi, hayahitaji wimbo mchafu hata mmoja ili yawe mabaya. Wekeni viti vya muziki, wekeni kuganda mziki ukizima. Watoto wanapenda kushindana tu, hawajali wanashindania nini.

Siku yenyewe mtu mzima mmoja akae karibu na mashine, mmoja tu, anayejulikana. Wakija kumi kila mmoja na ombi lake, DJ atamsikiliza aliyempa noti ya mia mbili. Na wimbo mbaya ukiponyoka, usipande jukwaani kugombana, utawafanya watoto waukariri. Mnong'oneze aingize mwingine wenye kasi ile ile. Wimbo unabadilika kabla hawajajua.

Shuleni, usimvamie mwalimu mkuu getini. Lipeleke kwenye mkutano wa wazazi wa muhula wa tatu, na uende na orodha mkononi, maana ukienda na malalamiko tu watakuita mshamba. Wale waliokujibu vibaya kwenye grupu wengi watanyamaza wakiona kazi imeshafanywa na mtu mwingine.

Na DJ akikuongezea bei kidogo kwa kupanga orodha hiyo, mlipe. Kusikiliza nyimbo zote hizo mpaka mwisho kunamla usiku mzima. Akikataa kabisa kutuma orodha, chukua arbuni yako utafute mwingine, Malindi hatujakosa spika.