Kuratibu matibabu ya mzazi anayehudhuria kliniki zaidi ya moja

Ndugu, umeeleza kwamba mama yako anahudhuria kliniki ya moyo, ya kisukari na ya macho, kwamba ameruhusiwa hospitali hivi karibuni akiwa na mfuko mzima wa dawa, na kwamba ninyi watoto mnapokezana kumpeleka bila hata mmoja wenu kujua yote yanayoendelea. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimwangalia baba yangu, mwenye presha, kisukari na figo zilizoanza kudhoofika, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Kuuguza kuna uzito wake, lakini kazi inayonichukulia nguvu zaidi ni kubeba habari kutoka kwa daktari mmoja kwenda kwa mwingine. Kila mmoja hufanya kazi yake vizuri chumbani mwake, ila mara nyingi hajui mwenzake aliandika nini wiki iliyopita, na mzee akiulizwa anatumia dawa gani hujibu, "Zile zile za siku zote." Msipombebea habari hizo ninyi, usitegemee kwamba zitafika zenyewe.

Anza na dawa. Zitoe zote uzipange mezani: za hospitali, za kununua bila cheti, matone ya macho, vitamini, dawa za mitishamba, na zilizobaki kutoka matibabu ya zamani. Kwa kila moja andika jina lake halisi, yaani lile linalochapwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara, kisha nguvu yake kwa miligramu, saa za kuitumia, aliyeiandika, na inatibu nini. Hilo la mwisho ndilo watu huliruka, ilhali ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu dawa ambayo hakuna anayejua inatibu nini ndiyo ya kwanza kuulizwa kwa daktari. Jina halisi nalo lina maana yake, kwa kuwa dawa moja huuzwa kwa majina mengi: parasetamoli imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua, na anayetumia vyote viwili anaweza kuvuka gramu 4 kwa siku, kikomo cha kawaida cha mtu mzima, na ini likaumia pasipo yeye kujua.

Nikupe mfano wa kwetu. Baba aliandikiwa amlodipini kwa ajili ya presha, na baada ya muda vifundo vya miguu vikaanza kuvimba jioni. Kwenye kliniki nyingine, ambako habari za amlodipini hazikuwa zimefika, aliandikiwa furosemidi ya kupunguza maji mwilini. Uvimbe haukupungua kwa kiasi cha kuonekana, lakini alianza kuamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, na kila aliposimama alishikilia ukuta kwa kizunguzungu. Mfamasia ndiye aliyeitazama orodha yetu, akaweka kidole kwenye tarehe ya amlodipini, akashusha hadi tarehe ya furosemidi, kisha akauliza miguu ilianza kuvimba lini. Uvimbe huo ni athari inayofahamika ya amlodipini, na hutokea kwa sababu dawa hiyo hupanua mishipa midogo ya damu, wala si lazima mwili uwe umejaa maji. Tulirudi kwa daktari wa presha na orodha mkononi, naye akabadilisha dawa ya kwanza na kuisimamisha ya pili. Tangu hapo kila dalili mpya inapojitokeza huwa naangalia kwanza ni dawa gani iliyoanza au kuongezwa dozi majuma machache yaliyotangulia. Hata hivyo, usisimamishe dawa yoyote kwa uamuzi wako, kwa sababu zipo ambazo kuziacha ghafla ni hatari kuliko athari zake.

Uliuliza pia kuhusu dawa za maumivu ya viungo. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuzibana figo, hasa kwa mtu anayetumia dawa fulani za presha pamoja na za kupunguza maji, kwa hiyo mama asizinunue bila kumuuliza daktari au mfamasia.

Karatasi aliyopewa mama aliporuhusiwa iwekeni kando ya orodha ya dawa alizokuwa akitumia kabla ya kulazwa, mzisome mstari kwa mstari. Dawa ya zamani isiyotajwa imesimamishwa kwa makusudi, au imesahaulika tu? Majibu ya vipimo ambayo hayakuwa tayari siku ya kutoka yatafuatwa na nani? Ombeni nakala za majibu yote. Kipimo cha sukari ya wastani, HbA1c, huonyesha hali ya takriban miezi 3 iliyopita, kwa hiyo kukirudia kliniki nyingine baada ya wiki mbili ni kumchoma mzee sindano bure.

Siku ya kliniki sisi huenda na maswali matatu, yale mazito kuliko yote, yakiwa yameandikwa, kwa sababu orodha ndefu huishia kujibiwa nusu nusu. Kabla ya kuinuka namrudishia daktari alichosema kwa maneno yangu mwenyewe, na mara kadhaa amenisahihisha pale pale. Presha ya nyumbani tunaipima baba akiwa ameketi na kutulia kwa dakika 5, mkono ukiwa usawa wa moyo, na tunaiandika hata ikiwa nzuri.

Kuhusu ndugu zako, chagueni mmoja awe msemaji kwa madaktari, na wa pili wa kumshikia nafasi. Wengine wapeni kazi zinazoeleweka, kama kununua dawa, usafiri au malipo. Aliye mbali ndiye atakayewasumbua zaidi, kwa kuwa husikia habari vipande vipande na wasiwasi wake hugeuka amri. Sisi tulitulia pale msemaji alipoanza kumtumia kila ndugu ujumbe ule ule jioni ya siku ya kliniki. Hata hivyo, kabla hamjamchagua msemaji huyo, muulizeni mama mwenyewe angependa nani aambiwe habari zake, na yapo mambo gani asiyotaka yatoke nje ya chumba cha daktari. Maadamu akili yake iko timamu uamuzi ni wake, na hospitali nyingi hazitazungumza nanyi bila idhini yake. Idhini hiyo iandikwe mapema, kwa utaratibu unaokubalika kisheria mlipo, wakati bado anaweza kuitia saini.