Je, ni imani au ni huzuni?

SWALI: Mama hakuwa mtu wa ibada, lakini tangu baba afariki hakosi sala ya alfajiri. Je, hii ni imani ya kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, huzuni humfikisha mtu mlangoni, lakini haimlazimishi kubaki ndani. Bronislaw Malinowski, mtafiti wa tamaduni za watu aliyeishi kwa vipindi katika visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea, kati ya 1915 na 1918, aliona kuwa wavuvi wa maji tulivu yaliyozingirwa na miamba walitegemea ujuzi wao pekee, ilhali waliokwenda bahari kuu, kwenye hatari na bahati isiyotabirika, hawakuacha matambiko. Mama yako sasa yuko bahari kuu. Usimhoji, amka mapema, umtandikie mswala, kisha umsikilize anapomtaja marehemu katika dua.