Kura 206, na kwa nini sitagombea

Binamu yangu wa Tanga amesoma mahali kwamba mwaka 2013, katika uchaguzi mdogo wa jimbo la Nui hapa Tuvalu, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, mgombea mmoja alipata ubunge kwa kura 206 kati ya 365 zilizopigwa. Akaniletea ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia: "Kaka, watu mia mbili na sita si hata ukumbi mmoja wa harusi ya kwetu! Umekaa huko miaka yote hiyo unafanya nini? Gombea!" Shangazi naye ameuliza, kwa upole zaidi, ikiwa nchi ndogo kiasi hiki ina siasa yoyote ya kumsumbua mtu. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, tena bila kupamba.

Jibu la binamu kwanza, kwa kuwa ni fupi: mimi si raia. Ninaishi kwa kibali, nimeoa hapa, watoto wangu watapiga kura siku moja, lakini mimi sina kura wala sauti. Hata hivyo, ningekuwa raia nisingegombea, na sababu yake ndiyo jibu la shangazi.

Tuvalu ni visiwa tisa, na ardhi yake yote ni kilomita za mraba 26. Watu ni kama 11,000. Bunge lilikuwa na viti 15 wakati huo, na tangu mwaka 2019 vimekuwa 16. Vyama vya siasa havipo kabisa. Mbunge huchaguliwa kwa ukoo wake, kwa jina lake na kwa neno la wazee wa kisiwa, kisha wabunge wakikutana Vaiaku, kwenye ofisi za serikali, hujigawa kambi na kumchagua Waziri Mkuu miongoni mwao. Sisi tuliozoea chaguzi ndogo kama zile za Kinondoni na Siha za Februari 2018, ambako wabunge walihama vyama wakarudi kuomba majimbo yale yale, tulijua asubuhi na mapema kwamba serikali haitikisiki. Hapa kiti kimoja kikiwa wazi, serikali nzima hulala macho wazi.

Mke wangu ni wa Nukufetau, kisiwa chenye watu mia tano na ushee, ambacho hufikiwa kwa meli tu. Nilikuwa sijamaliza hata miezi mitano hapa Funafuti, kisiwa cha makao makuu, wakati wazee wa kisiwa hicho walipomtaka mbunge wao, Lotoala Metia, ambaye alikuwa Waziri wa Fedha, ajiuzulu, na serikali ya Waziri Mkuu Willy Telavi ikapiga marufuku mikusanyiko ya hadhara kwa wiki mbili. Hiyo ilikuwa Januari 2011. Mama mkwe wangu alikuwa upande wa wazee, tena kwa maneno makali. Waziri huyo alipofariki Desemba 2012, mama huyo huyo alisuka mkeka wa msiba siku tatu mfululizo bila kuzungumza na mtu, kwa sababu marehemu alikuwa pia ndugu. Mimi mgeni nilidhani amebadili msimamo, kumbe hakuwa amebadili chochote.

Kiti kikabaki wazi. Waziri Mkuu hakuitisha uchaguzi mdogo, mwezi ukapita, miwili, mitano, na kila mtu alijua sababu, kwa kuwa hesabu ya kambi iliweza kufanywa na mtoto wa darasa la pili. Suala likafika Mahakama Kuu, ambayo Mei 2013 iliamua kwamba uchaguzi lazima uitishwe. Nukufetau walipiga kura tarehe 28 Juni, akashinda Elisala Pita wa upinzani, na upinzani ukawa na wabunge 8 dhidi ya 7 wa serikali. Ungedhani mambo yameisha. Bunge halikukutana hadi mwisho wa Julai, na lilipokutana, waziri mmoja kutoka Nui akajiuzulu ubunge, kisha Telavi akashikilia kwamba ni lazima kwanza ufanyike uchaguzi mdogo wa Nui ndipo mengine yafuate. Tarehe 1 Agosti Gavana Mkuu, Sir Iakoba Italeli, mwakilishi wa Malkia wa Uingereza aliyekuwa pia mkuu wa nchi hii, akamwondoa Waziri Mkuu. Waziri Mkuu naye akasema ameshamwandikia Malkia, London, amwondoe Gavana. Siku chache baadaye Enele Sopoaga wa upinzani akaapishwa kuwa Waziri Mkuu. Uchaguzi wa Nui, ule wa kura 206 alioupenda binamu, ulifuata Septemba.

Jioni ya tarehe 1 nilipita uwanja wa ndege, ambao hapa ndio uwanja wa mpira na baraza la mji mzima, kwa kuwa ndege ni chache na king'ora hulia kuwaondoa watu kabla haijatua. Watoto walikuwa wanacheza kama kawaida. Watu wazima walikuwa wameketi mikekani, kambi hii na kambi ile, hatua kumi na tano baina yao, na redio moja tu ikisikika pande zote mbili.

Sasa niseme yaliyonipata mimi, kwa sababu ndiyo mnayouliza. Mradi niliokuwa mhasibu wake ulihitaji saini ya ngazi ya juu, na kwa wiki sita hapakuwa na mtu aliyethubutu kutia saini yoyote, hivyo mshahara haukutoka. Nikaenda dukani nilikozoea kukopa mchele na nyama za kopo, na mwenye duka, ambaye ukoo wake ulikuwa kambi ya serikali, akafunga daftari lake taratibu na kuniambia kwamba mwezi huu hakopeshi. Nyuma yangu alisimama mtu mwingine, akakopeshwa. Mimi sikuwa nimempigia mtu yeyote kura, na nisingeweza. Ila mke wangu ni wa Nukufetau, basi nami nilikuwa nimehesabiwa. Kura ni ya siri kisheria, lakini zikipigwa 365 tu, siri hiyo haifiki jioni: kila ukoo unajua watu wake ni wangapi, na ikipungua kura moja wanajua waanze kumtazama nani.

Baada ya uchaguzi wa Nui kupita, mwenye duka alilifungua tena daftari bila kusema neno, akaandika jina langu chini ya lile la mwisho. Nami sikuuliza. Kanisani tunakaa benchi moja.

Jana nilimtafsiria mke wangu ujumbe wa binamu. Alicheka sana, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole watu ambao ningelazimika kwenda kuwaomba kura nyumba kwa nyumba pale Nukufetau, akiwataja kwa majina, wajomba, mashangazi, watoto wa wajomba. Alipofika arobaini na kitu akanyamaza kidogo, akarudisha vidole mwanzo, na akaanza kuhesabu wale ambao wangeacha kutusalimia.